Usiku wa Kupiga Hodi

Ewe msomaji, ikiwa ulikulia Mombasa au Lamu, hapana shaka unaikumbuka asubuhi ya Idi, watoto wenye nguo mpya wakipita nyumba kwa nyumba kutoa salamu na kupokea mkono wa Idi. Yamkini unaukumbuka pia mwaka ule ulipoona haya kunyosha mkono wako, kwa kuwa ulikwisha kurefuka kumpita mama yako, na jirani akakutazama kama mtu aulizaye, “Hata wewe?” Hakuna aliyekutangazia kwamba zamu yako imekwisha. Uliisoma machoni mwa watu.

Nataka nikusimulie habari za desturi nyingine ya kupiga hodi, iliyoenea Marekani na Kanada. Jioni ya tarehe 31 Oktoba, iitwayo Halloween, watoto huvaa mavazi ya kujigeuza sura, huyu akawa jini na yule mchawi, wakaenda mlango hata mlango wakisema kwa Kiingereza “trick or treat”. Maana yake ni kama kusema: tupeni tunu, ama tutawafanyia hila. Mwenye nyumba hucheka, akatia peremende mfukoni mwao, nao wakaenda zao. Watu wengi hudhani kwamba mchezo huu tangu asili ulikuwa wa watoto wadogo. Sivyo hata kidogo. Ulikuwa wa vijana wa umri wako, na wa wengine waliokuzidi wewe. Hao wadogo waliurithi baadaye.

Jina la usiku huo latokana na dini. Tarehe 1 Novemba ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, na siku ya pili yake ni ya kuwaombea marehemu. Huko Uingereza, zamani, watu maskini walizunguka siku hizo wakipewa mikate midogo, nao kwa malipo wakaahidi kuziombea roho za wafu wa nyumba ile. Waliozunguka walikuwa wakubwa kwa wadogo. Hata Shakespeare, katika mchezo wake uitwao The Two Gentlemen of Verona, amemtaja mwombaji wa sikukuu hiyo.

Uskoti na Ayalandi, ambako watu waliamini kwamba mizimu hutembea usiku huo, vijana walijipaka masizi usoni, wakavaa matambara wasijulikane, wakachukua taa zilizochongwa kwa tanipu, mboga ya mzizi ifananayo na figili kubwa. Huko Uskoti kijana hakupewa kitu bure. Ilimpasa kwanza aimbe, au atoe shairi, au awachekeshe wenye nyumba, ndipo apate tufaha, karanga au senti. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa biashara ya haki kuliko hii ya siku hizi.

Kuanzia mwaka wa 1845 viazi viliharibika mashambani mwa Ayalandi kwa ugonjwa, njaa kuu ikaingia, na watu zaidi ya milioni 1 wakaihama nchi, wengi wao wakaenda Marekani. Walichukua desturi zao pamoja nao. Walikuta huko boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchongwa kuliko tanipu, na tangu hapo boga ndilo likawa taa ya usiku ule.

Walakini si nyimbo peke yake zilizovuka bahari; utundu nao ulivuka. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, usiku wa Halloween katika miji midogo ya Marekani ulikuwa usiku wa wavulana wakubwa. Waling'oa malango ya nyua wakayaficha, wakasiliba madirisha ya maduka kwa sabuni, wakapindua vyoo vya mbao vilivyojengwa uani. Wengine walilifungua gari la mkulima vipande vipande, wakalipandisha na kuliunganisha tena juu ya paa la ghala, na asubuhi mwenyewe akasimama chini akiliangalia gari lake asijue acheke au alie. Husimuliwa kwamba wenyeji wa Anoka, katika jimbo la Minnesota, waliamka siku moja wakakuta ng'ombe wakizurura katika njia kuu ya mji. Wakuu wa mji huo hawakuongeza polisi. Katika mwaka wa 1920 waliandaa gwaride la usiku, vijana wakaandamana kwa mavazi yao, na mwisho wakagawiwa bisi, karanga na peremende. Nayo Anoka yaendelea na gwaride lake hata leo.

Si kila mji uliokuwa na busara hiyo. Baada ya mwaka wa 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, mamilioni ya watu wakakosa kazi, na utundu wa vijana ukageuka kuwa uharibifu. Usiku wa Halloween wa mwaka 1933 magari yalipinduliwa, na nguzo za simu zikakatwa kwa misumeno; watu wakauita Halloween Nyeusi. Baadhi ya miji ilifikiria kuipiga marufuku sikukuu yenyewe.

Sasa utazame, msomaji, jinsi tatizo hili lilivyotatuliwa. Wazazi, walimu na vyama vya miji walianza kuwaandalia vijana karamu na michezo, na wenye nyumba wakaona ni heri kutoa keki kuliko kupoteza lango. Maneno yale ya “trick or treat” yalikuwa yamekwisha kusikika Kanada. Katika mwaka wa 1927 gazeti moja la jimbo la Alberta liliandika juu ya vijana wa kijiji cha Blackie walioficha magurudumu, malango na mapipa ya watu, kisha wakaja milangoni kudai chakula kwa maneno hayo hayo. Basi kumbuka kwamba waliodai ndio walioficha, na hila waliyoitishia watu haikuwa ya maneno matupu. Katika mwaka wa 1939 jarida la Marekani liitwalo American Home lilichapisha makala ya mama mmoja aliyewafungulia vijana mlango wake na kuwakirimu kwa vitumbua na maji ya matufaha, na kwa njia hiyo akayaokoa madirisha yake.

Wako waliochukizwa na mapatano ya namna hiyo, wakisema kwamba ni kuwafundisha watoto kutoza watu kwa vitisho. Na wengine waliochukizwa walikuwa vijana wenyewe. Katika mwaka wa 1948 wavulana wa chama kimoja cha New York waliandamana na bendera iliyotangaza kwamba wavulana wa Marekani hawaombi. Nawasifu kwa fahari yao, ingawa nashuku kwamba wengi wao walikwisha kula peremende za mwaka uliotangulia.

Wakati wa vita vikuu vya pili sukari ilikuwa kwa mgawo nchini Marekani, tangu mwaka wa 1942 hadi 1947. Mgawo ulipokwisha, desturi ilienea upesi kama moto wa nyikani. Vitongoji vipya vilijengwa, nyumba zikiwa karibu karibu, na watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa wengi mno. Katika mwaka wa 1950 watoto wachache wa Philadelphia walizunguka na pakiti za maziwa wakiomba senti badala ya peremende, wakapata dola 17 na kuzipeleka UNICEF, shirika ambalo leo lina afisi kubwa jijini Nairobi. Mchezo ukawa wa adabu, ukawa wa wadogo.

Ndipo wale wakubwa walipoonekana kuwa wamezidi. Katika mwaka wa 1970 mji wa Chesapeake, jimbo la Virginia, ulitunga sheria kwamba aliyepita miaka 12 asipige hodi usiku wa Halloween. Atakayeivunja atatozwa faini, au hata kufungwa jela hadi miezi 6. Mlango uliofunguliwa ili kuwatuliza wavulana wakubwa ukawafungia nje wavulana hao hao.

Usidhani kwamba hofu ya kijana mrefu aliyesimama mlangoni ni jambo la kuchekesha tu. Mnamo Oktoba 1992 mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16, aliyekuwa akisoma Baton Rouge, jimbo la Louisiana, alivaa mavazi ya Halloween akaenda karamuni pamoja na rafiki yake. Wakakosea nyumba. Mke wa mwenye nyumba aliogopa, mumewe akatoka na bastola, na kijana yule, ambaye hakukijua Kiingereza sawasawa, akazidi kusogea akidhani anakaribishwa. Akapigwa risasi akafa. Katika mwaka wa 1993 mahakama haikumtia hatiani aliyempiga. Wazazi wa kijana walikusanya saini zaidi ya milioni 1 za watu waliotaka bunduki zipunguzwe Marekani, wakazipeleka kwa Rais Clinton.

Sheria ya Chesapeake ilisahauliwa kwa miaka mingi, hata mwaka wa 2018 ilipojulikana nchi nzima na watu wakashangaa kwamba mtoto wa miaka 13 angeweza kufungwa kwa sababu ya peremende. Wakuu wa mji walieleza kwamba polisi hawamwandami kijana anayemsindikiza mdogo wake kwa utulivu. Mwaka uliofuata baraza la mji liliondoa adhabu ya kifungo, likaupandisha umri hadi miaka 14. Basi kijana wa Chesapeake mwenye miaka 14 akaruhusiwa kupiga hodi na kutoa mfuko wake. Naye wa miaka 15 hana budi kusimama barabarani, mbali kidogo na taa ya mlangoni, amngoje mdogo wake arudi.