Santuri ya Magendo (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Mpaka wa Tanzania na Kenya umefungwa tangu Februari 1977. Baba Mdogo, mpiga gitaa la rhythm wa bendi ya baa moja mtaa wa Rufiji, Mwanza, ametoa fedha zote za kununulia bati ili aletewe santuri moja tu kutoka Nairobi. Usiku wa manane, mwaka 1979, mimi na yeye tumejificha kwenye mawe ya ufukwe wa Igogo. Mtumbwi umetokea gizani, na nyuma yake umetokea mwanga wa kurunzi...

SASA ENDELEA.

"Lala!" Baba Mdogo alinikandamiza kichwa.

Mwanga ulipita juu ya jiwe letu, ukarudi, ukasimama. Doria hazikuwa na mchezo siku zile. Miezi michache nyuma, vita vya Amin vikiwa vimepamba moto, ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Tangu hapo mtumbwi wowote wa usiku ulitiliwa shaka.

Kurunzi ikazimika. Tukasikia injini ikielekea Capripoint.

Nahodha alikuwa mzee mfupi mwenye sauti nzito. Alisogeza magunia ya dagaa, akatoa katoni ya sabuni, na chini ya sabuni akatoa kitu bapa kilichofungwa kwa khanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane. Mkeo hajambo?"

"Hajambo," alijibu Baba Mdogo. Macho yake yalikuwa kwenye khanga. Hakujiuliza mzee yule alijuaje kuwa ana mke.

"Nairobi wanasemaje?"

"Wanabishana. Nusu ya mji iko na kina Kinyonga, nusu imewafuata waliotoka." Mzee alisukuma mtumbwi. "Khanga hiyo usiitupe. Mwenyewe ataitambua."

Tulikata reli, tukapita chini ya kilima cha Bugando kuelekea Mabatini. Njia nzima Baba Mdogo aliongea kwa kunong'ona, kama anayesimulia habari za ukoo wake. Wilson na George Kinyonga, alisema, ni vijana wa Tanga, walipiga Jamhuri Jazz tangu 1966. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, ndugu yao William akaungana nao, wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Nairobi, ambako studio zilikuwepo na santuri zilitengenezwa, nao wakajiita Simba Wanyika.

"Sasa Novemba mwaka jana," alisema, "wanamuziki wao wakaondoka kwa mkupuo. Omari Shabani, yule Profesa wa rhythm. Tom Malanga wa besi. Rashid Juma wa ngoma. Issa Juma mwimbaji. Wakampata John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa Kenya na Orchestra Jobiso. Wanajiita Les Wanyika."

"Kwa nini waliondoka, Baba Mdogo?"

"Mpiga rhythm hujenga nyumba, mwanangu, lakini jina la mlangoni huwa la mwingine." Sauti yake ilikuwa na uchungu ambao sikuutegemea.

Niruke mbele kidogo, msomaji, kwa sababu jambo hili nimelibeba miaka mingi. Watu husikitika bendi ikivunjika. Mimi nasema mfarakano wa 1978 ulitupa utajiri. Simba Wanyika hawakufa: walipiga hadi Ulaya, wakatoa albamu ya Pepea mwaka 1992, mwaka ambao George alifariki, na Wilson akamfuata 1995. Les Wanyika wakaiteka Afrika Mashariki. Issa Juma naye akatoka akaunda Super Wanyika. Shina moja la Tanga likazaa matawi matatu, na wote waliimba Kiswahili safi ambacho dereva wa Nyegezi na mvuvi wa Kisumu walikielewa bila mkalimani. Serikali mbili zilikuwa hazisemezani, mpaka ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Muziki ulipita.

Turudi Mabatini.

Mama Mdogo alikuwa macho. Hakuuliza habari za bati. Aliichukua ile khanga, akaikunja haraka haraka, akaisukuma chini ya godoro.

Baba Mdogo aliweka santuri kwenye gramafoni ya betri, akapunguza sauti mpaka ikawa kama ya mbu. Sina Makosa. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule redioni kwa mikwaruzo tu. Sasa niliusikia wote. Gitaa la Profesa lilizunguka palepale bila kuchoka, na besi la Malanga likasema neno, likanyamaza, likasema tena, kila mara likiacha nafasi ambayo mwili wako wenyewe unaijaza. Baba Mdogo alifumba macho. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vikibonyeza nyuzi ambazo hazikuwepo.

"Sikiliza anavyojizuia," aliniambia. "Anaweza kupiga mengi. Hapigi."

Upande wa kwanza ukaisha. Wimbo ulikuwa umegawanywa pande mbili, kama ilivyokuwa desturi ya santuri za Nairobi. Aliinyanyua ili aigeuze.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya balozi wetu wa nyumba kumi. Baba Mdogo alinirushia santuri, nikaiingiza ndani ya shati. Ilikuwa bado na joto la gramafoni.

Mama Mdogo ndiye aliyefungua mlango. Balozi aliingia na askari wawili, na katikati yao alisimama yule nahodha, mikono ndani ya pingu, mdomo umevimba.

"Mzee," alisema askari mmoja, "tuonyeshe mwenye mzigo."

Baba Mdogo alipiga hatua mbele, tayari kubeba lake. Nahodha alimtazama, akatikisa kichwa. Kisha akainua mikono yake yote miwili iliyofungwa, akamwonyesha Mama Mdogo.

"Ni huyu. Na si mara ya kwanza."

ITAENDELEA Jumamosi ijayo. Mama Mdogo na nahodha walijuana wapi, na khanga ile ilikuwa na nini hata ikafichwa chini ya godoro? Usikose sehemu ya 4.