Kuumua bila hamira

Mombasa, iwe Changamwe, Magongo au Mikindani, hamira haihitaji maelezo. Mahamri yamebeba jina lake: maneno hayo mawili yana mzizi mmoja wa Kiarabu, ule wa kuchacha. Ndiyo maana napinga kuita hamira kila kitu kinachoinua unga. Hamira ni kiumbe hai. Hula sukari, hutoa hewa polepole na kuacha ladha yake. Bekingi pauda haina uhai. Ni soda iliyochanganywa na asidi kavu: ikilowa huanza kutoa hewa, na moto huizidisha.

Kitenzi cha kazi zote mbili tunacho, kizuri mno: kuumua. Basi anayetaka pizza ya haraka aiumue kwa bekingi pauda. Unga wa ngano vikombe 2, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko 2 vya mezani, na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo. Kanda mpaka donge lisigande mkononi, lipumzishe dakika 10, lisukume liwe nene kuliko chapati. Usilisubiri liumuke mezani. Litaumukia motoni, hata kwenye kikaango kilichofunikwa.

Na ile pizza ya Forodhani, Unguja? Haiumuliwi kabisa. Donge lililopakwa mafuta huvutwa mpaka liwe jembamba, kisha hufungiwa nyama ya kusaga na yai. Ni tamu, lakini kwangu hiyo ni ndugu ya chapati.