Miaka Inayorukwa Kati ya Laetoli na Wajerumani

Mang'ola, kwa watu wengi wa Arusha, ni vitunguu. Malori yanapakia magunia huko bondeni karibu na Ziwa Eyasi, yanapandisha hadi Karatu, na safari ya sokoni inaendelea. Ni wachache wanaojua kwamba upande huohuo wa ziwa lipo pango la Mumba, ambalo Margit Kohl-Larsen wa Ujerumani alilichimbua katika miaka ya 1930, na watafiti wengine wakalirudia baadaye. Udongo wake, tabaka juu ya tabaka, umetunza mabaki ya watu kwa makumi ya maelfu ya miaka: vijiwe vidogo vilivyochongwa vikawa na makali, mifupa ya wanyama walioliwa, na shanga za ganda la yai la mbuni. Ushanga wa namna hiyo ni kitu kidogo cha kupotea kiganjani. Aliyeutengeneza alivunja ganda, akatoboa tundu kwa ncha ya jiwe, kisha akausugua ukingo taratibu mpaka ukawa duara. Hapo hapakuwa na haja ya chakula wala ya ulinzi. Mtu alitaka kupendeza.

Je, ushanga huo ni historia? Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alidai kwamba Afrika ina historia ya Wazungu tu, na kwamba mengine ni giza. Mwaka huohuo Terence Ranger alifika Dar es Salaam kuanzisha idara ya historia katika chuo kikuu kilichokuwa bado kichanga. Jibu la idara hiyo lilikuwa kazi. Isaria Kimambo aliketi na wazee wa Upare akisikiliza habari za koo zao. Wanafunzi walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji. Kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Kimambo na Arnold Temu, kilichotoka mwaka 1969, kilifunguliwa na sura ya John Sutton, mwanaakiolojia, juu ya namna watu walivyoijaza nchi hii. Maana yake ilikuwa wazi: kinywa cha mzee, lugha anayoisema na udongo anaoukanyaga, vyote ni nyaraka.

Sasa panda kutoka Karatu, upite lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, uende hadi Oldupai. Jina hilo ni la Kimaasai, la katani pori inayoota korongoni. Wageni ndio waliolipotosha likawa Olduvai. Hapo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus, lenye umri wa miaka karibu milioni 1.75. Laetoli, kusini yake, nyayo za miaka milioni 3.66 ziligunduliwa katika miaka ya 1970. Majivu ya volkano yalianguka, mvua ikanyunya hata vishimo vya matone vikabaki, wakapita watu, mmoja akikanyaga humohumo alimokanyaga mwenzake, kisha majivu mengine yakafunika. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao akiwa miongoni mwao, walifukua nyingine jirani na zile za kwanza.

Mgeni anaelezwa hayo, na anastahili kuelezwa. Kinachoniuma ni kinachofuata. Kutoka kwenye fuvu anarushwa moja kwa moja hadi Wajerumani, au hadi mwaka 1959 ilipoanzishwa Hifadhi ya Ngorongoro. Katikati panaachwa kama vile nchi ilikuwa ya nyumbu peke yao.

Lakini ndani ya kreta ya Ngorongoro yenyewe kuna makaburi ya marundo ya mawe ya wafugaji wa kale, ambayo Hans Reck na baadaye Louis Leakey waliyachimbua, wakakuta humo hata bakuli za mawe. Kuna makaburi ya Wadatoga, walioishi humo mpaka Wamaasai walipowaondoa katika karne ya 19. Kwa Wadatoga kaburi la mzee mwenye heshima hujengwa kwa udongo likapanda juu, na shughuli yake huchukua miezi mingi. Si mahali pa kuhama na kusahau. Kuna Wairaqw, wenye lugha ya Kikushi iliyozungukwa na za Kibantu na za Kiniloti, waliozichimba nyumba zao ubavuni mwa vilima zisionekane na wavamizi. Mwanahistoria Yusufu Lawi ameonyesha jinsi maarifa yao ya ardhi na mazingira yalivyo historia ya siasa pia. Na chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kuna Engaruka, mashamba ya mawe na mifereji yaliyolimwa kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18, kwa maji ya mito inayoteremka kutoka nyanda hizihizi. Wapo wataalamu wanaowahusisha wakulima wale na mababu wa Wairaqw, na wapo wanaowahusisha na Wasonjo.

Hata Oskar Baumann, Mzungu wa kwanza kuiandika kreta, mwaka 1892 hakukuta nchi tupu iliyozaliwa hivyo. Sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe, na Wamaasai aliowakuta walikuwa wakifa njaa. Msiba huo wenyewe wanauita Emutai. Asiyeijua Emutai atauona uwanda usio na mifugo akadhani ndiyo hali yake ya asili.

Kosa hilo lina gharama leo. Tangu mwaka 2022, familia zilipoanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, kila upande umekuwa ukitaja historia: nani alitangulia, nani aliahidiwa nini. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi makubaliano ya kuiacha Serengeti, na watu wakahamia Ngorongoro. Karatasi hiyo ipo, imeandikwa kwa Kiingereza, na inanukuliwa. Waliyoambiana kwa Kimaasai kabla ya kuweka alama zao, karatasi haiyasemi. Wa kuulizwa ni wajukuu zao.