Freedom House Ambulance Service
Freedom House Ambulance Service ilikuwa huduma ya magari ya wagonjwa mjini Pittsburgh, Marekani (1967–1975), miongoni mwa za kwanza nchini humo kuwa na wahudumu waliofunzwa kumtibu mgonjwa kabla hajafika hospitali. Awali wagonjwa wengi wa mji huo walisombwa na magari ya polisi, bila tiba yoyote njiani. Wahudumu wa Freedom House walitoka hasa Hill District, mtaa wa Wamarekani Weusi. Baadhi hawakuwa wamemaliza sekondari. Peter Safar, daktari wa nusukaputi mzaliwa wa Austria, aliwaandalia mafunzo ya takriban saa 300. Walijifunza kuzuia damu isitoke, kuzalisha, kukanda kifua moyo unaposimama na kufungua njia ya hewa: kulaza kichwa nyuma, kuinua kidevu, baadaye hata kupitisha mrija kooni. Tangu 1974 Dk. Nancy Caroline aliwasimamia, akipanda gari pamoja nao na kuwaelekeza palepale penye mgonjwa. Uzoefu huo ulizaa kitabu chake cha kiada cha 1979. Jiji liliitwaa huduma mwaka 1975, na wengi wa wahudumu hao hodari wakasukumwa nje ya kazi, dhuluma ya wazi.