Kwa Nini Tunasimama Kwenye Haleluya

Kila Desemba, kwaya ikianza Haleluya ya Handel, kanisa zima husimama. Juzi mama mmoja wa sauti ya pili aliniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyetuamuru kusimama?" Nikamjibu haraka kwamba ni mfalme wa Uingereza. Nilipofika nyumbani na kusoma, nikaona jibu langu linahitaji kusahihishwa kwa kalamu nyekundu.

George Frideric Handel alikuwa Mjerumani aliyehamia London. Aliishi kwa kutunga opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa badala ya kusemwa. Watu wa London walipochoka na opera za Kiitaliano, alizidi kugeukia masimulizi ya Biblia yanayoimbwa bila kuigizwa. Messiah aliitunga mwaka 1741 kwa siku 24 hivi, akitumia maneno ya Biblia yaliyokusanywa na Charles Jennens. (Sisi Haleluya peke yake ilituchukua miezi mitatu, na tena bado wanaingia mapema.)

Haikuanzia Krismasi. Iliimbwa mara ya kwanza mjini Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742, siku chache kabla ya Pasaka. Hata Haleluya yenyewe inafunga sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo. Kwa hiyo wanaotuambia kila mwaka kwamba tunaimba wimbo wa Pasaka wakati wa Krismasi wana haki yao, ingawa hatutaacha.

Matatizo yalianzia kwa wanakwaya, kama kawaida. Waimbaji walitoka katika makanisa makuu mawili ya mji, na mkuu wa mojawapo alikuwa Jonathan Swift, yule mwandishi wa Gulliver's Travels. Miezi michache kabla, aliwakataza watu wake kwenda kuimba huko ukumbini. Mwishowe waliimba. Ukumbi ulikuwa mdogo, basi wanawake wakaombwa waache nyumbani zile sketi zilizotanuliwa kwa pete, na wanaume waache panga zao. Wakaingia watu wapatao 700.

Mapato yaligawanywa kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Watu 142 walilipiwa madeni yao wakatoka gerezani. Katika kamati yetu, wapo waliotaka sadaka ya leo inunue majoho mapya, na mimi katibu nilikuwa mmoja wao. Nilipoisoma hesabu hiyo ya Dublin nilibadilisha kura yangu. Sadaka ya leo ni ya karo, na majoho ya zamani yamepigwa pasi.

Sasa huyo mfalme. Inasimuliwa kwamba George wa Pili alisimama wimbo ulipoimbwa London mwaka 1743, na ukumbi wote ukamfuata. Lakini hakuna aliyekuwepo aliyeacha maandishi kwamba alimwona. Habari hiyo inaonekana katika barua ya mwaka 1780, mfalme akiwa amekwisha kufa miaka 20. Mama yangu wa sauti ya pili, nisamehe. Anayetaka kusimama leo asimame, na mwenye magoti mabaya aketi bila wasiwasi.

Ombi moja tu: kabla ya haleluya ya mwisho kabisa kuna kimya kifupi. Msipige makofi hapo. Mwaka jana mlipiga, na besi wakaketi.