Mwaka 1517 Hautoshi: Lugha na Uchapaji katika Matengenezo ya Kanisa

Vitabu vingi vya historia huanzisha Matengenezo ya Kanisa tarehe 31 Oktoba 1517, siku Martin Luther alipotoa hoja 95 mjini Wittenberg kupinga biashara ya vyeti vya rehema, yaani vyeti vya Kanisa vya kuondolewa adhabu za dhambi. Tarehe hiyo ina uzito wake, lakini haielezi yaliyofuata. Hoja ziliandikwa kwa Kilatini, zikakusudiwa mjadala wa wasomi. Kwa maoni yangu, mageuzi yenyewe yalianza mwaka 1518, Luther alipoandika kwa Kijerumani hotuba fupi kuhusu rehema na neema: vifungu 20 tu, katika kurasa chache ambazo fundi au mchuuzi aliweza kuzinunua na kusomewa. Kijitabu hicho kilichapwa tena zaidi ya mara 20 katika muda mfupi. Ugomvi wa maprofesa ukawa shauri la watu wote.

Wapo wanaosema kazi yote ilifanywa na mtambo wa kuchapa. Siafiki. Uchapaji ulikuwapo Ujerumani kwa zaidi ya miaka 60, na miongoni mwa kazi zake za awali kabisa, mwaka 1454 na 1455, ni vyeti vya rehema vyenyewe! Hata Biblia ya Kijerumani haikuwa ngeni. Johann Mentelin wa Strasbourg aliichapa mwaka 1466, na matoleo mengine zaidi ya 10 yakafuata. Ila yalifasiriwa kutoka Kilatini, kwa Kijerumani kizito kilichofuata Kilatini hatua kwa hatua.

Lugha peke yake nayo haikutosha. Jan Hus alihubiri kwa Kicheki mjini Prague karne moja kabla ya Luther, akavuta umati, kisha akachomwa moto Konstanz mwaka 1415 ingawa mfalme Sigismund alikuwa amemwahidi usalama. Luther alipata lugha, mtambo na mlinzi kwa wakati mmoja. Huyo mlinzi, Frederick wa Saksonia, hastahili kupuuzwa: ndiye aliyemficha katika ngome ya Wartburg baada ya baraza la dola lililoketi Worms mwaka 1521 kumhukumu. Humo ngomeni, kwa wiki 11 hivi, Luther alifasiri Agano Jipya kutoka Kigiriki, akitegemea matini iliyohaririwa na msomi Erasmus. Lilitoka Septemba 1522, yakadiriwa nakala 3,000, likiwa na picha za karakana ya mchoraji Lucas Cranach. Kufikia Desemba ilikuwa imelazimu lichapwe tena.

Tangu hapo mageuzi hayakuwa tena mali ya aliyeyaanzisha. Mwaka 1525 wakulima wa kusini mwa Ujerumani walitoa mjini Memmingen madai 12, wakitaka kujichagulia wachungaji na kufutiwa utwana, kwa kuwa Kristo aliwakomboa watu wote. Kifungu cha mwisho kiliahidi kwamba dai lolote litakaloonyeshwa kuwa kinyume na Maandiko litaondolewa. Luther kwanza aliwajibu kwa Maandiko na kuwasihi watulie. Uasi ulipopamba moto, akawahimiza watawala wawaue bila huruma. Mwezi Mei, karibu na Frankenhausen, maelfu waliuawa. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba wanyonge walikuwa wameipokea hoja yake na kuipeleka mahali ambapo yeye mwenyewe hakuthubutu kufika.