Treni za Makopo

Juma hili siasa na bei ya pamba tuviweke kando kidogo. Nataka tuzungumze habari za treni. Si ile ya abiria, bali ile ya makopo, inayovutwa kwa kamba na mtoto mwenye kaptula iliyotoboka nyuma.

Waliokulia Bariadi mwishoni mwa miaka ya 1980, kama mimi, hawahitaji maelezo marefu. Kichwa cha treni kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lililolazwa chini. Mabehewa yalikuwa makopo madogo yaliyofuatana, yakishikana kwa waya uliokunjwa kama ndoana. Magurudumu tulikata kwenye kandambili zilizokwisha, na aliyekosa kandambili alitoboa vizibo vya soda. Mabehewa ya ng'ombe yalitaka ufundi zaidi. Hayo tuliyajenga kwa mabua ya mtama, tukiacha nafasi kati ya bua na bua ili mifugo ipate hewa, na ng'ombe wenyewe tuliwafinyanga kwa udongo mweusi wa mbugani, kila mmoja na pembe zilizouzidi mwili wake. Wengine wetu tulitumia hata makopo yaliyokuwa na dawa ya kunyunyizia pamba. Tuliyasuuza mtoni na kuyachezea siku nzima. Nikikumbuka hilo leo mwili unanisisimka, lakini wakati ule hakuna aliyetukataza.

Mtaani kwetu tulikuwa mafundi sita au saba. Jioni, ng'ombe wakisharudi zizini, tulikutana chini ya mwarobaini, kila mtu na treni yake, na ukweli ni kwamba gumzo lilikuwa refu kuliko mchezo. Nani kapata waya, na kaupata wapi? Kwa nini behewa la fulani linapinduka kwenye kona? Je, kichwa kimoja kinaweza kukokota makopo tisa bila ndoana kunyooka? Tuligundua wenyewe, bila mwalimu, kwamba jiwe dogo ndani ya kopo huifanya treni itulie, na kwamba mizigo mizito yafaa ikae mbele, karibu na kichwa.

Sasa jambo lenyewe ni hili: karibu sote hatukuwa tumeiona treni kwa macho yetu.

Reli haijawahi kufika Bariadi. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwaka uleule Vita Kuu ya kwanza ilipolipuka. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza, lenye kilometa zipatazo 380, lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928. Tawi hilo lilipita Shinyanga, likagusa ardhi ya Maswa katika stesheni ya Malampaka, likaenda zake ziwani. Mkoa wa Simiyu ulipozaliwa mwaka 2012 ulikirithi kipande hicho: mkoa mzima wa pamba na mifugo, nayo reli imeupitia pembeni, kama mtu anayekatiza uani kwa jirani bila kupiga hodi. Sisi wa Bariadi tulibaki na malori, vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika.

Kwa hiyo treni yetu tuliijua kwa masikio. Aliyetuletea ni mzee mmoja jirani, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye reli, akihudumia tanuri la injini za mvuke katika njia ya Tabora. Alianza kazi enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lile lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika. Alistaafu baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 na kila nchi kuchukua mabehewa yake. Jina lake sitalitaja kwa kuwa familia yake haijaniruhusu. Sisi tulimwita Babu tu, naye akituita wajukuu zake, ingawa wajukuu wa damu alikuwa nao tele.

Babu alikuwa na kigoda chake palepale chini ya mwarobaini. Hakutucheka hata siku moja. Alilichukua kopo, akalizungusha mkononi, akasema, “Hapa pakae kuba la mvuke. Na bomba la moshi lisogee mbele, nyie, injini haitoi moshi kisogoni.” Tukalisogeza. Ndiyo sababu kila treni ya mtaa wetu ilikuwa na bomba refu la moshi mbele, lililotengenezwa kwa ganda la betri ya redio, na aliyekuwa na bomba refu zaidi ndiye aliyekuwa fundi mkuu.

Siku moja mwenzetu mmoja alipakiwa kwenye lori la marobota pamoja na mjomba wake, akaenda nalo hadi Malampaka. Aliporudi alikuja na kichwa kipya cha treni: sanduku la bati, refu, la mraba, halina bomba. Tulimzomea. Alisema ameiona yenyewe, imesimama pale stesheni, na haina bomba la moshi. Tukamwambia kwamba kama haina moshi kwa nini inaitwa garimoshi? Hoja hiyo niliitoa mimi, na niliiona kubwa sana. Tukamtoa kwenye njia yetu, yeye na sanduku lake, kwa kosa la uongo.

Babu alipopata habari alituita wote. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba injini za dizeli zilikuwa zimeingia na zile za mvuke zimesukumwa pembeni. “Mwenzenu kaona ya leo. Nyinyi mmesikia ya jana kutoka kwangu. Sasa mwongo ni nani?” Hatukujibu. Lakini mwenzetu yule hakurudi tena kwenye mchezo, na mimi sikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa na miaka tisa, na bomba langu lilikuwa refu kuliko yote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na kazi ya redio, nilikuja kusoma kwamba huko Ulaya na Marekani mchezo wetu ule ni shughuli ya watu wazima wenye ndevu na pensheni. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. London kuna klabu ya waunda treni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1910, yaani mwaka uleule ambao reli yetu ilikuwa inafika Dodoma, na ipo mpaka leo. Ujerumani, kiwanda cha Märklin kilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891 treni za kuchezea zenye reli za upana uliopimwa na kupewa namba, ili mtu aliyenunua kichwa mwaka huu aweze kununua behewa mwaka ujao na vikapatana. Hapo mchezo ukawa na sheria.

Kipimo kinachopendwa zaidi ni kile cha moja kwa themanini na saba: kila kitu kinapunguzwa mara 87. Reli yetu ya zamani, yenye upana wa mita moja, hutengenezewa njia ya milimita 12. Ile pana ya kisasa, ya milimita 1,435, huwa milimita 16 na nusu. Mjini Hamburg kuna jumba lililofunguliwa mwaka 2001, lenye zaidi ya kilometa 15 za reli za kipimo hicho. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilometa 1,250 hivi. Gawanya kwa 87, unapata kilometa 14 na kitu. Yaani Reli ya Kati nzima, pamoja na Morogoro, Dodoma na Tabora yake, ingeingia katika jumba hilo na reli ingebaki.

Lakini kilichonigusa si ukubwa. Ni maongezi yao. Watu hao hukutana jioni baada ya kazi, huweka chai, na kubishana. Hubishana juu ya rangi halisi ya behewa la mwaka fulani, na wapo wanaohesabu ribiti za injini ndogo moja moja, wakikuta imepungua moja wanakosa raha. Huendesha treni zao kwa ratiba kamili, wengine kwa saa iliyoharakishwa, ili siku nzima ya stesheni iishe katika jioni moja. Na katika vikundi hivyo utamkuta mzee aliyewahi kufanya kazi reli, anayeulizwa kila kitu: lile bomba lilikaa wapi? Ni mwarobaini wetu kabisa, ila wao hawakuambiwa waache walipofika darasa la saba.

Babu naye alitufundisha ratiba. Njia yetu ya mchangani ilikuwa moja, na treni zikawa zinagongana kila siku, ndipo akaweka amri. Vijiwe viwili vikawa stesheni, kila kimoja na mkuu wake. Treni haitoki mpaka mkuu wa stesheni ya mbele aseme njia ni nyeupe, na dereva akabidhiwe jani la mwarobaini mkononi kuwa ndiyo ruhusa yake. Asiye na jani hasogei, hata kama anaona kwa macho njia iko wazi. Tulimwuliza kwa nini, maana wazi ni wazi. Akasema kwenye reli moja macho ya dereva yanaona mbele yake tu, lakini mkuu wa stesheni anajua ya kona. Hiyo ndiyo kanuni ya njia moja, na ndiyo iliyolinda maisha ya watu kwenye reli hizi tangu zilipojengwa. Mimi niliijua nikiwa na miaka tisa, nikiwa na jani mkononi.

Nairobi kuna jumba la makumbusho ya reli, lililofunguliwa mwaka 1971. Mle zimehifadhiwa injini za mvuke za enzi za Babu. Mbili ni zile kubwa za Garratt, zilizoundwa Manchester miaka ya 1950, kila moja tani 252, zikiwa miongoni mwa injini kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea juu ya reli ya mita moja. Moja inaitwa Mount Gelai na nyingine Mount Shengena, na milima yote miwili iko kwetu Tanzania. Ipo pia namba 3020, iliyopewa jina la Nyaturu, yaani ndugu zetu wa Singida. Ukiipunguza Mount Gelai mara 87 unapata kitu cha sentimeta 36 hivi. Mtoto anaweza kukibeba kwapani. Nilipojua haya nilitaka sana kumwuliza Babu kama Nyaturu aliwahi kuipanda.

Babu alikuwa amekwisha kufariki. Alifariki nikiwa nimemaliza diploma yangu ya uandishi wa habari, mwaka wa pili kazini. Wakati huo nilikuwa na kinasa sauti begani kila siku ya Mungu. Nimenasa sauti za mawaziri kwenye semina, za wakuu wa wilaya kwenye mbio za mwenge, saa na saa za risala ambazo leo hakuna anayezitafuta. Nilikwenda Bariadi likizo mara tatu katika miaka hiyo. Mara zote nilimsalimia Babu, nikaketi naye, tukaongea treni, na kinasa sauti kilikuwa ndani ya begi miguuni pangu. Sikukitoa. Nilimwona kama mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani nani anamhoji? Sijui alipata mshahara gani. Sijui ni stesheni zipi walijaza maji. Kilichobaki ni pale bomba linapokaa.

Mwezi uliopita nilipita Malampaka. Juni 2021 jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka liliwekwa, na tuta lake linapita humo, pana na jekundu, si mbali na ile ya mwaka 1928. Nilimkuta pale yule mwenzetu wa sanduku la bati. Ana lori lake sasa, nywele zimeanza mvi. Tulicheka, tukanywa soda, na nikamwambia lile nililopaswa kumwambia miaka zaidi ya 30 iliyopita. Akasema alikwisha kusahau. Kisha akataja, bila kuulizwa, rangi ya kopo langu.

Tulirudi wote Bariadi kwenye lori lake. Nyumbani kwake mwanawe wa mwisho alikuwa uani na treni. Kichwa kilikuwa chupa ya plastiki iliyochongwa pua: ndiyo Mchongoko, ile treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Ameiona kwenye simu tu. Juu yake alikuwa amesimamisha njiti mbili za kushika waya wa umeme, na juu ya njiti akafunga uzi kutoka mti hadi mti. Nyuma ya Mchongoko alikuwa amefunga mabehewa matatu ya mabua ya mtama, yamejaa ng'ombe wa udongo.

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba Mchongoko ni wa abiria, haukokoti ng'ombe. Baba yake akanigusa mkono. “Kaka,” akasema, “mwache kwanza.”

Mtoto akachuma jani, akaniletea. Mimi nikawa mkuu wa stesheni.